Alama Ambayo Baba Hakuikata

Kuna harufu moja inayonipata katika kila mji ninaohamia, na nimehamia miji mingi. Ni harufu ya manyoya yanayoungua. Utaikuta asubuhi nyuma ya stendi, pale wanapouza supu ya vichwa vya mbuzi. Mtu anatia chuma kwenye makaa mpaka kiwe chekundu, anakipitisha juu ya kichwa cha mbuzi, manyoya yanalia na kujikunja, na moshi mzito unapanda. Wapita njia hufunika pua. Mimi husimama. Juzi nilisimama hivyo Kitale mpaka mwenye supu akaniuliza, "Mama, unataka kichwa ama unataka miguu? Ama umekuja kutazama tu?"

Nilikuwa nimekuja kutazama tu, lakini utamwambiaje mtu hivyo asubuhi kabla hajauza? Nikanunua supu, nikakaa kwenye benchi. Nilipofumba macho nilikuwa Isiolo tena, na Baba alikuwa amepiga goti moja mavumbini, chuma mkononi, akimwambia ndama maneno ya Kiturkana kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi kabla ya kukosa.

Tulikaa pembeni mwa mji, upande wa barabara ya Ngaremara. Siku hizo lami iliishia kwetu. Kusini kulikuwa na Kenya ya magari madogo na mikate, na kaskazini barabara iligeuka vumbi, na malori yalipanga foleni kwenye kizuizi cha polisi yakingoja kuruhusiwa kwenda. Mama aliuza maziwa kwa madereva wa malori hayo. Aliyabeba ndani ya vibuyu alivyovifukiza kwa kijinga cha moto, hivyo maziwa yetu yalikuwa na ladha ya moshi, na mpaka leo maziwa ya paketi nayaona kama maji yaliyopakwa chokaa.

Ng'ombe wetu walikuwa wachache, lakini boma letu lilionekana lina mali kwa sababu tulichunga pia ng'ombe wa Haji. Haji alikuwa jirani yetu na mwenye lori. Babu yake aliletwa Isiolo na jeshi la Waingereza kutoka nchi ya Wasomali, vita vikaisha, akabaki. Yeye Haji alizaliwa hapo, akajua barabara zote mpaka Moyale, lakini kuchunga hakujua. "Mimi najua kuendesha kitu kikiwa na usukani," alikuwa akisema. Kwa hiyo ng'ombe wake walilala kwetu, na Baba alikuwa na vyuma viwili vya kuchomea alama. Alama yetu ilikuwa mistari miwili iliyopinda mwishoni kama fimbo za wazee, na alama ya Haji ilikuwa duara lenye mstari katikati. Vyote viwili vilining'inia ukutani juu ya kitanda cha Baba, na hatukuruhusiwa kuvichezea.

Yeyote aliyekulia katika nyumba ya wafugaji anajua sheria ninayotaka kuisema, lakini niiseme kwa ajili ya wengine. Ukichunga ng'ombe wa mtu, na ng'ombe huyo akafa malishoni mbali na mwenyewe, unamkata ngozi mahali palipo na alama, unaianika, unampelekea mwenye mali. Kipande hicho ndicho ushahidi kwamba hukumuuza wala hukumla. Usipokuwa nacho, hata ulie machozi ya damu, wewe ni mwizi. Baba alitufundisha hilo kabla hatujafundishwa kusoma.

Basi mtoto mwenye elimu kama hiyo alikaa kanisani Jumapili moja, kwenye benchi ya mbele, akasikia kwamba dunia yote ni mali ya Mungu.

Mwinjilisti wetu alikuwa Mmeru mrefu mwenye sauti ya kukwaruza. Siku hiyo alihubiri juu ya enzi ya Mungu. Alisema Mungu hana haja ya kuletewa fahali, kwa maana kila mnyama wa porini ni wake, na ng'ombe walioko milimani, milima isiyo na idadi, wote ni wake. Hakuna chifu, hakuna DC, hakuna mfalme awezaye kumwambia hapana. Watu wakasema amina. Mimi nilikuwa nafikiria ule mstari wa ng'ombe. Kama wote ni wake, alama yake iko wapi? Mwenye mali asiye na alama ni mwenye mali gani?

Nilianza kuitafuta siku hiyo hiyo. Nilikuwa na ng'ombe wangu mwenyewe, mweupe, aliyeitwa Nakwang, ambaye Baba alisema ni wangu tangu alipozaliwa. Nilimkagua kwato, nikamkagua masikio na chini ya mkia, naye akanivumilia. Nilipofika usoni nikaona. Katikati ya paji la uso, kidogo juu ya macho, manyoya yalizunguka, yakajikusanya mahali pamoja kama maji yanapoingia kwenye shimo. Nikaenda kwa ng'ombe wa pili, nikaikuta, na kwa wa tatu, na kwa ng'ombe wa Haji vile vile. Hata ndama aliyezaliwa juzi, ambaye chuma hakijamgusa, alikuwa nayo.

Nikamuuliza Baba ni nani aliyeweka ile. Akasema, "Hakuna. Anazaliwa nayo."

Hilo lilinitosha. Nilikwenda kulala nikiwa nimeijua siri kubwa kuliko zote. Na Mama aliponisuka kesho yake, nikamwuliza kama nami nina mahali nywele zinapozunguka, akabonyeza utosini kwa kidole akasema, "Hapa. Kila mtu anayo. Tulia." Nilihisi kidole kile siku nzima.

Baba hakuwa mtu wa kanisa sana. Alikuja siku kubwa, akakaa karibu na mlango ili aione barabara. Lakini kuna siku mwinjilisti alifundisha habari za Ayubu, na kwa kuwa ilikuwa habari ya mifugo Baba aliisikiliza kwa makini kuliko wote. Mwinjilisti alieleza jinsi Ayubu alivyonyang'anywa ng'ombe, ngamia, watoto, kila kitu, na jinsi Mungu alivyomjibu kutoka ndani ya upepo bila kumweleza sababu, na jinsi mwishoni alivyompa mali mara mbili ya ile ya kwanza. Watu wakapiga makofi. Baba akainua mkono kama mwanafunzi.

"Na wale wa kwanza?" akauliza.

Mwinjilisti hakuelewa. Akasema alipewa mara mbili, mzee.

"Nimesikia. Alipewa wengine. Mimi nauliza wale wa kwanza. Walikuwa na majina."

Vijana wa nyuma wakacheka, na Mama akainamisha kichwa kwa aibu. Mwinjilisti alifunga Biblia juu ya kidole chake, akafikiri, halafu akasema jambo ambalo lilinifanya nimpende maisha yangu yote. Alisema, "Hapo sijui, Baba Akiru. Mwenyewe ndiye anajua." Akiru ni mimi, jina la mvua, maana nilizaliwa ikinyesha. Baba akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu nusu, akaendelea kuitazama barabara.

Kiangazi kilikuja baadaye, au pengine kilikuwa kimeshaanza na mimi sikujua. Mtoto hujua ukame kwa vitu vidogo. Chai ilibadilika rangi. Mama aliacha kwenda kwenye kizuizi. Punda wa maji walirudi mapema na mitungi ikicheza tupu. Ng'ombe walianza kulala mchana, na Baba aliwainua kwa kuwashika mkia, yeye na kaka yangu, mmoja huku mmoja kule. Majirani wa Ngaremara waliopita na mifugo yao walisema upande wa mashariki, mbele ya Kulamawe, kulinyesha. Wengine walisema ni uongo. Haji aliyepita huko na lori alisema aliona majani mabichi karibu na Sericho, kuelekea kwenye bwawa la huko, lakini ni mbali.

Kulikuwa na jambo jingine pia. Huko ni nchi ya Waborana, na Mturkana hajipeleki huko hivi hivi na ng'ombe wakati maji ni machache. Walizungumza jioni nzima juu ya hilo nje ya nyumba yetu, Haji kwenye kiti, Baba kwenye kigoda chake. Haji alisema alama yake inajulikana kule, na kwamba atatuma salamu kwa rafiki yake Mborana. "Wataona duara, watajua ni mimi," akasema. "Wewe tembea nyuma ya duara langu." Baba akamjibu kwamba ng'ombe hatembei nyuma ya duara, anatembea nyuma ya majani. Wakacheka, lakini Mama, aliyekuwa akipepeta mahindi ya msaada, hakucheka. Nilielewa siku hiyo kwamba Baba anaweza kwenda asirudi.

Asubuhi ya kuondoka Mama alimnyoa. Ilikuwa desturi yao kabla ya safari ndefu. Baba alikaa kwenye mawe matatu ya jiko la nje, nami nilishika beseni, maji yakiwa kidogo sana, ya kulowesha wembe tu. Nywele zake zilikuwa zimeota, na nilipoinama niliiona, pale utosini, ikizunguka vile vile kama ya Nakwang. Nikafurahi kuiona, kama mtu aliyekagua mzigo akakuta kamba zote zimefungwa. Halafu nikaona wembe unapanda. Ulikuwa umeshamaliza pande zote, na sasa unakwenda juu.

Niliangusha beseni. Nikashika mkono wa Mama kwa mikono yote miwili, na wembe ukamkata Baba kidogo sikioni. Mama alinipiga kofi, na haki yake, kwa sababu maji yalikuwa yamemwagika. Lakini sikuachia. Nililia nikisema asipanyoe pale, ile ndiyo alama, akipanyoa Mungu hatamjua, ataona mtu tu asiye na mwenyewe huko Sericho. Nilisema yote, ng'ombe, mwinjilisti, ndama, milima. Yalitoka kwa fujo na kamasi.

Mama alisimama na wembe hewani. Baba alikuwa ameshika sikio lake. Alinitazama, na niliogopa kwamba atacheka.

"Paache," akamwambia Mama.

"Nipaache vipi? Utatembea na kishungi kama jogoo?"

"Mtoto amesema kuna alama. Mimi ni nani nikate alama ya mtu?"

Basi Baba alitoka Isiolo kichwa kikimetameta, na kishungi kimoja cha nywele juu. Walipopita sokoni watu walimpigia kelele, mzee wembe uliisha? Mzee umebakisha mbegu? Haji, aliyekuwa amesimama kando ya lori lake, alicheka mpaka akashika taa ya gari. Baba aliinua fimbo yake kwa salamu na kuwafuata ng'ombe, na kishungi kile ndicho nilichokiona mpaka mwisho, kidoa cheusi juu ya vumbi. Nakwang alikuwa wa mbele. Kaka yangu alitaka kwenda, akakatazwa. Alikasirika, akarusha mawe kwenye ukuta wa choo mpaka mchana.

Halafu tukangoja. Siwezi kusema ni muda gani, nami sitaki kumwuliza mtu anayejua. Habari zilikuja na malori ya Haji. Walionekana Kulamawe, wazima. Walionekana mbele ya Kulamawe, wamepungua. Halafu dereva mmoja akasema amefika Sericho na hakuona Mturkana yeyote. Mama alizidisha kwenda kanisani. Nilikaa karibu naye nikamsikia akiomba, na sala yake ilikuwa fupi kiasi kwamba niliidhani haijaisha: "Ni wako. Ni wako. Ni wako." Mimi niliyejua siri ya alama nilimwona Mama kama mtu anayeihangaikia mali iliyofungwa salama. Kwa nini aombe? Mtu ana alama. Ng'ombe wana alama. Mwenye vyote hawezi kupoteza vyake. Hiyo ndiyo ilikuwa imani yangu, na sijawahi kuwa na nyingine yenye nguvu kama hiyo tangu hapo.

Alirudi juu ya lori la Haji, amekaa kwenye magunia. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Nilikimbia nikitazama nyuma ya lori kama ng'ombe wanafuata, kana kwamba ng'ombe hufuata lori. Baba alishuka taratibu. Alikuwa mwembamba, nywele zimeota kichwa kizima na kishungi kimepotea ndani yake. Begani alikuwa na vile vyuma viwili na kifurushi kilichofungwa kwa kamba ya ngozi.

Hakuja nyumbani kwanza. Alikwenda kwa Haji, nasi tukamfuata. Haji alikuwa mkekani nje ya mlango wake. Haji akasema, "Salaam aleikum," Baba akaitikia kama alivyozoea, halafu akapiga magoti, akafungua kifurushi, akaanza kupanga vipande vya ngozi mkekani, kimoja kimoja, duara juu. Vilikuwa vigumu kama mbao. Haji alikichukua kila kimoja, akapitisha kidole gumba juu ya duara, akakirudisha. Kilipokwisha cha mwisho alisema yale maneno ambayo Waislamu husema wakisikia kifo, kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarudi. Halafu akafuta macho na kitambaa cha begani.

"Baba Akiru," akasema, "watu wamekula ngozi za viatu huko. Na wewe umenibebea hizi."

"Ni mali yako," Baba akasema.

"Kaa. Unywe chai."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikivitazama vile vipande. Nilitafuta mistari miwili iliyopinda. Haikuwepo hata mmoja. Nikapata matumaini makubwa ghafla: ng'ombe wa Haji wamekufa, wetu wako hai mahali fulani. Nikamuuliza Baba kipande cha Nakwang kiko wapi.

Akanivuta nikakaa karibu naye. Alinuka moshi na jasho la zamani. "Wetu sikuwakata, mama," akasema. Aliniita mama akiwa na huruma. "Kipande ni cha kumpelekea mtu ambaye hakuwepo. Wetu mimi nilikuwepo. Nilimwona akilala. Nilimshika kichwa."

Nilielewa. Lakini nilikuwa bado na swali moja, na lilikuwa kubwa kuliko Nakwang, kwa maana kila kitu nilichokijua kilikuwa ndani yake. Niliweka kidole changu juu ya paji la uso wangu, pale pa ng'ombe, nikamuuliza, "Na ile ya Mungu?"

Haji aliacha kumimina chai.

Baba aliangalia barabara, kama alivyoiangalia kanisani. "Hiyo pia sikuikata," akasema.

"Kwa nini?"

"Mwenyewe alikuwepo."

Nimesikia mahubiri mengi tangu siku hiyo, katika makanisa ya mabati na ya mawe, mahali popote miguu yangu iliponipeleka. Wako waliosema Mungu huleta kiangazi kwa ajili ya dhambi zetu. Wako walioniahidi kwamba nitarudishiwa mara mbili, nikawaza wale wa kwanza. Kuna wakati jibu la Baba limenikasirisha. Kama alikuwepo, si angewapa maji? Nimelala katika vyumba vya kupanga nikibishana nalo mpaka nikachoka. Lakini sijaweza kuliacha. Nilikuwa nimedhani alama inazuia kufa. Mtoto wa mfugaji aliyeona ng'ombe wengi wenye alama wakifa, bado nilidhani hivyo. Alama husema tu wewe ni wa nani, ukiwa umesimama na ukiwa umelala.

Baba alianza upya na mbuzi. Alianza pia kuja kanisani kila Jumapili, na kiti chake kikabaki pale pale mlangoni. Mimi nilimaliza sekondari, nikashika barabara ile aliyokuwa akiitazama, na sijatulia. Nimepika kwenye kambi za ujenzi, nimeuza nguo, nimekaa kwa watu na peke yangu. Katika kila mji nimetafuta maziwa yenye moshi, na katika kila mji nimejiambia nitarudi Isiolo kukaa, si kupita.

Baba alifariki Ngaremara, mchana, akiwa na mbuzi wake. Hapakuwa na mtu. Mbuzi ndio waliorudi wenyewe, watu wakajua. Habari zilinifuata mji kwa mji, na ziliponifikia alikuwa ameshazikwa. Nilipofika, lami ilikuwa imepita kwetu ikaenda zake kaskazini, na kizuizi kilikuwa kimehamishwa. Ukutani juu ya kitanda vile vyuma viwili bado vilikuwepo, cha Haji na chetu, vimeshika kutu.

Mama alikuwa nje, kwenye mawe matatu, anafukiza kibuyu. Nilikaa karibu naye. Nilitaka kumwuliza mambo mengi, lakini nililoweza kusema ni kwamba sikuwepo.

Akatikisa kibuyu, akakinusa mdomoni, akakiweka chini.

"Wanawake wa kanisa walinisaidia kumwosha," akasema. "Lakini kumnyoa, nilimnyoa mwenyewe. Pale juu nikapaacha."